Siku Moja Alexandra Kabla ya Kwenda Baharini

Pasaka ya mwaka huu mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikwenda Afrika Kusini kwa siku 12. Mpango ulikuwa ule ambao familia nyingi za huku Uingereza huufanya: kushuka Johannesburg, kuunganisha ndege hadi Cape Town, kukodi gari, kulala kwenye mahema kando ya bahari, kuonja mvinyo Stellenbosch, kuona pengwini, kisha kurudi kazini. Hayo yote tuliyafanya na nitayagusa mbele. Lakini siku ninayotaka kuwaandikia ni ile moja tuliyoitenga mwanzoni, Jumamosi, kwa ajili ya Alexandra.

Alexandra yuko kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Aliondoka Tukuyu mwaka 2003, mimi nikiwa bado sekondari. Alivuka mpaka pale Kasumulu akaingia Malawi, akapita Msumbiji, akafika Johannesburg baada ya wiki nyingi ambazo hapendi kuzisimulia. Hajawahi kurudi. Baba mkubwa sasa ana miaka 84, macho yamefifia, na kabla hatujasafiri alinipigia simu mara tatu. Ujumbe ulikuwa uleule: kamtazame mwenzio, umuulize anakuja lini.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Kutoka uwanja wa ndege wa OR Tambo kuna treni ya kisasa, Gautrain, iliyoanza kazi mwaka 2010 kabla ya Kombe la Dunia. Kituo cha Marlboro kiko jirani kabisa na Alexandra. Ukibaki ndani ya treni, kituo kinachofuata ni Sandton, penye mabenki, hoteli za kifahari na maduka ya saa za bei ya nyumba. Kati ya Sandton na Alexandra kuna barabara kuu ya M1 na kilomita chache tu. Asubuhi wafanyakazi wa ndani, walinzi na wauza maduka huvuka kwa miguu kwenda upande ule, na jioni hurudi upande huu. Kuna daraja la waenda kwa miguu na baiskeli lililojengwa kwa ajili yao.

Kaka alikuwa anatusubiri Marlboro amevaa shati la kupiga pasi. Nilimtambua kwa mwendo. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," nikaitikia, halafu wote wawili tukawa hatuna la kusema mpaka mwanangu mdogo alipouliza, kwa Kiingereza chake cha Leeds, kama huyu ndiye mjomba.

Tulipanda daladala, ambazo wao wanaziita taksi. Wanafunzi mnaokwenda kusoma Afrika Kusini, shikeni hili: kwenye taksi za Johannesburg hakuna konda. Nauli inapitishwa kwa mkono kutoka viti vya nyuma hadi mbele, na aliyekaa karibu na dereva ndiye mhesabu wa chenji, apende asipende. Mume wangu alikaa pale kwa bahati mbaya yake. Taa za barabarani zinaitwa roboti, kwa hiyo ukisikia abiria anamwambia dereva amshushe baada ya roboti, usishangae.

Alexandra ilianza mwaka 1912. Mwenye shamba mmoja aliyeitwa Papenfus alitaka kuuza viwanja kwa Wazungu, akakipa kitongoji jina la mkewe. Wazungu hawakununua kwa sababu palikuwa mbali na katikati ya mji, basi viwanja vikatangazwa kuwa vya Waafrika. Mwaka mmoja baadaye, 1913, ikapitishwa sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi. Alexandra ilikuwa imetangulia. Ndiyo maana ikawa moja ya sehemu chache mno za mijini ambapo mtu Mweusi aliweza kuwa na hati ya kiwanja chake. Serikali ya ubaguzi haikuipenda kwa hilo. Katika miaka ya 1960 iliamua kuondoa familia zote na kujenga mabweni ya wafanyakazi peke yake, ya wanaume na ya wanawake. Mengine yalijengwa na yapo hadi leo. Wakazi walipinga, na mwaka 1979 mpango wa kuwahamisha ukasimamishwa.

Matokeo yake unayaona kwa macho. Sensa ya 2011 ilihesabu watu karibu 180,000 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 7. Kiwanja kimoja kina nyumba ya matofali ya zamani mbele, na nyuma yake vyumba kumi, kumi na tano, vya bati na vya tofali, vyote vikitumia bomba moja na vyoo viwili. Kaka anapanga vyumba viwili kwenye ua wa namna hiyo. Anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi ya Pan Africa, na wifi yangu, Mpedi kutoka Limpopo, anafanya usafi katika ofisi moja huko Sandton. Wana binti mmoja wa miaka 12.

Nasema wazi: kuna watu wanaokwenda Alexandra kupiga picha umaskini. Wapo pia vijana wa hapohapo wanaotembeza wageni kwa baiskeli, nao wanafanya kazi ya heshima, wanajua kila kichochoro na wanakuambia wakati wa kuweka simu mfukoni. Ukienda, nenda na mwenyeji. Sisi tulikuwa na wenyeji wawili, tena mmoja akiwa na miaka 12 na maoni kuhusu kila kitu.

Wifi alitupokea kwa chai na magwinya, ambayo ni andazi la mviringo lisilo na iliki. Hapa ndipo watoto wangu walipoanza mchezo uliodumu siku nzima, wa kutafuta maneno yanayofanana. Watu ni abantu. Kuku ni inkuku. Nyoka ni inyoka. Nyama ni inyama. Fedha ni imali, na umuthi, ambalo kwetu ni mti, kwao ni dawa pia. Mwaka 2018 waziri wa elimu wa Afrika Kusini alitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari shuleni. Shule ya binti ya kaka haina mwalimu wake bado. Kiswahili chake ni cha baba yake: anajua "njoo hapa", "kula" na "acha kelele".

Baada ya chai tukatembea. Barabara zina namba, First Avenue, Second Avenue, na kuendelea, hivyo hupotei. Seventh Avenue kuna ua ambao Nelson Mandela alipanga chumba alipofika Johannesburg mwaka 1941 akiwa na miaka 22. Chumba cha nyuma, sakafu ya udongo, bati juu, hakuna umeme wala maji. Wakati huo Alexandra yote ilikuwa haina umeme, watu wakaiita Mji wa Giza. Mandela ameandika kwamba siku nyingine alitembea maili sita kwenda kazini na sita kurudi ili aokoe nauli, na kwamba Jumapili familia ya mwenye nyumba ilimpa chakula cha moto. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi ughaibuni anaielewa hiyo Jumapili.

Pale mbele ya ua nikawaambia watoto jambo ambalo wao, wenye asili ya Mbeya, walipaswa kulisikia. Mwezi Januari 1962 Mandela alitoka nchini kwa siri, na ndege ndogo ikamshusha Mbeya. Katika hoteli ya pale aliona Weupe na Weusi wamekaa pamoja barazani wakizungumza. Hakuwahi kuona kitu hicho katika hoteli. Ameandika kwamba hapo ndipo alipojisikia kuwa mtu huru. Binti ya kaka akamtazama baba yake. "Huko si ndiko kwenu?" Kaka akasema ndiyo, na akageuka kumsalimia jirani.

Nilitaka kuona pia zahanati, kwa sababu za kazi. Alexandra Health Centre iko pembeni, upande wa Wynberg, na chimbuko lake ni mwaka 1929, ilipoanzishwa na misheni ya Wamarekani. Baadaye wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand wakawa wanakuja kujifunza na kutibu. Februari 1986, polisi na jeshi walipopambana na vijana wa Alexandra kwa siku kadhaa, waliopigwa risasi waliletwa hapo. Sikuomba kuingia wodini, maana nisingependa mgeni aje kunitazama nikiwa zamu. Nilisimama getini, nikaona foleni ya akina mama na watoto migongoni, na dada mmoja mwenye sare ya kijani akitembea ule mwendo wa haraka usio wa kukimbia ambao wauguzi wote duniani tunao.

Hapo nikawasimulia mume wangu na kaka habari ambayo sikuijua nilipokuwa nasoma stashahada nyumbani. Niliisoma miaka mingi baadaye, nikiandika kazi za shahada Uingereza. Tanganyika ilipopata uhuru, wauguzi wengi wa Kiingereza waliondoka, na hospitali zetu zikabaki na pengo. Nyerere akaomba msaada, na chama cha ANC kikakusanya wauguzi Weusi wapatao 20 wa Afrika Kusini. Wakaacha kazi, wengine wakaacha watoto kwa mama zao, wakavuka mipaka kuja kufanya kazi katika hospitali zetu. Wengi walikaa ugenini zaidi ya miaka 30, kwa sababu serikali ya kwao isingewapokea. Miaka 60 baadaye mimi Mtanzania nawauguza wazee wa Kiingereza, na hospitali ya wilaya niliyojifunzia bado inatafuta wauguzi. Sina jibu la hili. Huwa nalifikiria saa kumi alfajiri, wodi ikiwa kimya.

Kaka alisikiliza, akauliza: "Walirudi?" Nikamwambia waliobaki hai, wengi walirudi baada ya 1990.

Mchana tulikula kota. Ni robo ya mkate mweupe iliyotobolewa katikati, ikajazwa chipsi, soseji, achari ya embe na chochote mfuko wako unachoruhusu. Kama muuguzi nina maneno, kama mtu mwenye njaa sina. Watoto waligoma kuonja sahani ya jirani iliyokuwa na vichwa na miguu ya kuku, lakini mume wangu alikula utumbo na ugali wao, pap, akasema ni ugali uliolegea.

Tukashuka hadi mto Jukskei. Ni mto mdogo, umejaa takataka, na vibanda vimesogea hadi ukingoni. Mvua kubwa ikinyesha maji hupanda ghafla na kuchukua vibanda na watu. Wifi alituonyesha alama ya maji kwenye ukuta, juu ya kichwa cha mume wangu.

Jioni ikafika sehemu ya kuonja. Tulikuwa tumelipia mvinyo wa Stellenbosch siku nne mbele, na kaka akasema hatuwezi kwenda huko bila kuonja cha Alex kwanza. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amepika umqombothi kwa ajili ya tambiko la familia. Ni pombe ya kimea cha mtama na unga wa mahindi, inachachushwa siku kadhaa, inachujwa, inanywewa kwa kupokezana chombo. Mkubwa anaanza. Ina povu, ina uchachu, haina ukali. Nilipoionja nilijikuta kwa bibi, kwenye kimpumu, isipokuwa sisi tunanyonya kwa mirija. Wakenya mnaosoma hapa mtafikiria busaa.

Yule mama alinieleza kwamba zamani pombe ilifukiwa ardhini kwenye madebe, polisi wakipita wakichoma udongo kwa vyuma kuitafuta. Hadi mwaka 1962 sheria ilimkataza Mwafrika kununua mvinyo au pombe kali ya dukani. Zabibu za Cape zilichumwa na watu Weusi na machotara, na mashambani kwenyewe vibarua wengi walilipwa sehemu ya ujira kwa vikombe vya mvinyo kila siku. Utaratibu huo umekatazwa zamani, lakini madhara yake yapo. Watoto wanaozaliwa na athari za pombe waliyoipata tumboni mwa mama ni wengi mno katika jimbo la Western Cape, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Sikuacha kwenda Stellenbosch kwa ajili hiyo. Lakini nilikwenda nikijua.

Binti yangu akaanza kumweleza mjomba wake kuhusu hema letu jipya, namna linavyojifungua lenyewe. Kaka akacheka. "Mahema nimelala, tena bila kulipa."

Tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, kisha yakaenea nchi nzima. Watu 62 waliuawa, na theluthi moja yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Watu wengi walikimbilia kituo cha polisi cha Alexandra, kaka akiwa mmoja wao, na nguo alizovaa. Walilala uwanjani kwenye baridi, baadaye kwenye mahema. Kila jioni msichana mmoja wa Limpopo, jirani yake wa ua, alileta pap na mboga ndani ya kopo la siagi. Wakati huo hata Wapedi na Watsonga waliulizwa wanatoka wapi. Kaka aliposimulia hilo wifi alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka kwamba kopo lile hakulirudishiwa mpaka leo.

Watoto walipolala, sita kwenye magodoro mawili pamoja na wa jirani, nikatoa ujumbe wa baba mkubwa. Kaka alinyamaza kidogo. Akanieleza kwamba karatasi aliyonayo inamruhusu kukaa, haimruhusu kutoka na kurudi. Akienda Tukuyu anamwona baba, halafu hawaoni mke na mtoto, asijue kwa muda gani. Ameshapiga hesabu hiyo kila mwaka. Shemeji yake akamshauri ajaribu mwanasheria, nasi tutachangia. Akasema atajaribu tena. Kisha akaomba simu yangu arekodi sauti, kwa sababu kwenye simu ya kawaida baba yake anamkatiza. Alianza na "ugonile", akaongea dakika 11 kuhusu mtoto, kazi, bei ya unga, na mgomba wa nyuma ya nyumba kama bado unazaa. Akamaliza na "ndaga". Niliituma usiku uleule. Kesho yake mjukuu aliyemchezea babu sauti hiyo akaniandikia kwamba mzee ameisikiliza mara nne, na amesema mtoto wake sasa ana lafudhi ya Kizulu.

Asubuhi wifi akaniita pembeni. Binti yake hajawahi kuona bahari. Alishatayarisha cheti cha kuzaliwa, barua yenye sahihi yake, na begi. Tukanunua tiketi moja zaidi. Akanipa na chupa tupu ya lita 2 ya soda: niijaze maji ya bahari. Wale waliokaa Afrika Kusini wanajua. Watu wa bara wakishuka Durban au Cape hurudi na chupa za maji ya chumvi, ya kunawa, ya kunyunyiza mlangoni, na wengine hunywa ili wasafishe tumbo. Nikamwambia la kunywa hapana. Lita moja ina chumvi gramu kama 35, badala ya kukuongezea maji inakuvutia yaliyomo mwilini, na mgonjwa wa presha au figo anaweza kuumia vibaya. Akaniangalia kwa uvumilivu. "Nesi, ni ya kunawa."

Cape nitaieleza kwa ufupi, mabango yake yapo kila mahali na yanasema kweli. Milima inaingia baharini, barabara ya Chapman's Peak inatisha na kupendeza, pengwini wa Boulders wananuka. Usiku wa kwanza kwenye hema karibu na Hermanus upepo ulitupiga hadi alfajiri. Mume wangu, mtu wa Tanga, alisema kwao bahari hulipii na hulali nje kwa hiari. Stellenbosch tulionja Pinotage, zabibu iliyochanganywa hapohapo mwaka 1925, na mhudumu akatuonyesha ndoo ya kutemea. Sikutema, nilikuwa nimelipa. Watoto walipewa juisi ya zabibu katika glasi zilezile na wakatema wote watatu kwa furaha.

Binti ya kaka alipofika kwenye maji alisimama muda mrefu magoti yakiwa makavu. Maji ya Cape ni ya baridi kama ya Scotland. Kisha akaingia na nguo zake, akaijaza chupa mwenyewe, akaifunga na kuikaza kwa mkanda wa nywele.

Tulipopita tena Johannesburg tukirudi, tulikuwa na saa tano kabla ya ndege. Wifi akamimina nusu ya chupa kwenye beseni, tukanawa uso mmoja baada ya mwingine, na nusu akaiweka juu ya friji. Kaka akachovya kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akasema Ziwa Nyasa ni tamu zaidi. Mtu wa Tanga alitaka kubishana, lakini umeme ulikuwa umekatika, roboti za London Road zimezimika, na dereva wetu alikuwa anapiga honi nje.